Inchi Hamsini na Tano

Bassotu, Hanang
4 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mnaendelea vizuri na mvua za huko Daudi hazijawaharibia njia. Mimi ni mzima, ila kazi ya ugani msimu huu ni kuzunguka tu. Mahindi yameshikwa na viwavi, na kila mkulima anataka nifike kwake siku ileile.

Najua unavyosema kwamba simu inasahau kilichosemwa, ndiyo maana nakuandikia. Jumapili mama alikuwa kwenye simu yako na tukaongea. Alisema hajambo, kama asemavyo siku zote, kisha akalalamika jambo moja: watu kwenye televisheni wamekuwa wadogo siku hizi. Televisheni ile ilinunuliwa nikiwa kidato cha pili. Imechoka.

Nimeweka shilingi laki tisa. Nakuomba umchagulie mama televisheni kubwa, yenye picha safi, isiyozidi hapo. Mimi mambo ya HD siyajui, na wewe ukikabidhiwa jambo hulali mpaka umelielewa. Hela nitaituma kwenye simu yako. Barua hii nampa Alfredi, dereva wa gari la Mbulu.

Mwanao,
Frida


Daudi, Mbulu
18 Februari 2024

Mwanangu Frida,

Marahaba. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Ng'ombe mwekundu amezaa jike, na maharage yameanza kutambaa. Hela imefika, nami nimelichukua jambo lako kama lilivyostahili.

Nilikwenda mjini kwa Vicent, kijana mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Akanionyesha televisheni akasema ni ya inchi hamsini na tano. Nilikuwa na futi kamba mfukoni. Nikapima upana nikapata arobaini na nane, nikamwambia ananiibia saba. Akacheka mpaka akaegemea kaunta. Akasema, "Mwalimu, hii haipimwi upana. Inapimwa mshazari, kona kwa kona." Niliona haya. Miaka thelathini na minne nimefundisha pembetatu mraba, na nimeaibishwa na mtoto ambaye baba yake nilimfundisha mimi.

Sasa nikueleze HD. Picha imepandwa kwenye kioo kama maharage shambani. Ile inayoitwa HD kamili ina mistari elfu moja na themanini, na kila mstari una mashimo elfu moja mia tisa na ishirini. Shamba likiwa dogo, mashimo yanabanana na hulioni hata moja. Shamba likiwa kubwa mno na wewe umekaa karibu mno, unaanza kuyahesabu. Kwa hiyo ukubwa hauchaguliwi peke yake. Unachaguliwa pamoja na kiti. Kutoka kiti changu hadi ukutani ni mita mbili na robo tatu, na hapo hamsini na tano inakaa vizuri. Ipo nyingine yenye mashimo mara nne ya hiyo, lakini king'amuzi chetu hakileti mbegu za kutosha kuyajaza. Kuinunua ni kumjengea ng'ombe mmoja zizi la ng'ombe arobaini.

Ni kweli kioo cha sasa hakimtoshi mama yako. Ameshaacha kiti. Anakaa kwenye kigoda, hatua moja kutoka kwenye televisheni, na anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe akasema kimesogezwa. Mlangoni anajigonga bega la kushoto. Ni uchovu wa kukodolea kitu kidogo. Darasani, mtoto asiyeona ubao nilimhamishia dawati la mbele, na maandishi nikayakuza. Wengi wao walifaulu. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, dawa yake tunayo.

Bado nalinganisha bei. Haraka si sifa ya mnunuzi.

Baba yako


Bassotu, Hanang
9 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo, na ndama anaendelea kunyonya. Huku alizeti imesimama vizuri kuliko mwaka jana.

Nimeisoma barua yako, na sehemu ya kigoda na chai nimeisoma mara tatu. Nikaipeleka zahanati kwa Rogathe, tabibu wetu, nikamsomea. Hakucheka. Alisema hayo hayatokani na televisheni. Alisema inaweza kuwa presha ya macho, ugonjwa unaoanza kula pembeni na kuelekea katikati, bila maumivu, na ulichokwisha kula haukirudishi. Kinachobaki ndicho kinachoweza kulindwa, na kila wiki ina maana.

Amepiga simu kuuliza. Madaktari wa macho wanaozunguka watakuwa Mbulu mjini Alhamisi, tarehe 21, siku hiyo moja tu. Baba, hela ile sasa ni ya macho. Televisheni ingoje. Najua mama akiulizwa kwenye simu atasema hajambo, kwa hiyo nakuomba umsomee barua hii yote, na hasa sehemu hii.

Naomba unijibu.

Mwanao,
Frida


Daudi, Mbulu
2 Aprili 2024

Mwanangu Frida,

Marahaba. Pasaka tumeila salama. Mama yako alivaa kitenge ulichomletea, na watu kanisani walimsifu.

Shauri lako nimelipima, wala usidhani nimelidharau. Lakini kabla ya kumpeleka mtu hospitali ni lazima kwanza ijulikane kama anaumwa, na hilo linapimika. Nilichukua boksi la friji kutoka kwa Vicent, nikalikata sawasawa na inchi hamsini na tano, nikalitundika ukutani. Kwa kalamu ya wino mzito nikaandika Salamu Maria kwa mkono wa ubaoni: mstari wa kwanza herufi za kiganja, wa pili nusu yake, mpaka wa mwisho herufi kama punje za mahindi. Nikamkalisha mama yako kwenye kiti, si kwenye kigoda, nikamwambia asome sala hiyo. Akasoma yote mpaka Amina, bila kukwama, na mstari wa mwisho aliusoma kwa kasi kuliko wa kwanza. Mgonjwa wa macho hawezi hayo. Tatizo lilikuwa udogo wa kioo, kama nilivyoeleza.

Ile Alhamisi ilinipa shida kidogo. Vicent alikuwa ameishusha hamsini na tano ya HD kamili hadi laki nane na themanini, na mteja kutoka Nambis alikuwa anakuja kuichukua siku hiyohiyo. Nikapima. Madaktari watarudi, maana ni kazi yao kuzunguka. Bei haitarudi. Nikaenda dukani.

Iko ukutani sasa. Jirani yetu Gaudensia alipoingia alibaki amesimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, umeleta dirisha." Mama yako akamwambia, "Tazama majani yalivyo kijani." Kwa kweli palikuwa na mchezo wa mpira. Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo. Asante, mwanangu. Umemwona mama yako.

Baba yako


Bassotu, Hanang
11 Juni 2024

Baba,

Nimefika salama. Kule nyumbani, mbele ya mama, sikutaka kuyasema haya, kwa hiyo nayaandika.

Jumamosi ulipotoka kumtazama ng'ombe, mimi na mama tulikuwa mbele ya televisheni. Nilichukua rimoti nikaondoa sauti. Sauti tu. Picha ilikuwa inaendelea, watu wanacheza harusi, rangi zinawaka ukuta mzima. Mama, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya kioo, akaniuliza, "Umeme umekatika?"

Nikaenda nyuma ya kabati nikatoa boksi lako. Upande wa pili, kwa herufi za kiganja, nikaandika FRIDA ANA NJAA. Nikamwambia, "Ayo, mama yangu, nisomee." Akakunja mikono magotini akaanza Salamu Maria.

Baba, ulimpima kwa maneno aliyoyajua tangu komunyo ya kwanza. Hata akifumba macho angepata mia kwa mia. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema ulikuwa na furaha sana na vipimo vyako, na tangu ustaafu alikuwa hajakuona hivyo. Akasema alidhani ni uzee, na uzee hauna wa kulalamikiwa. Nikamuuliza kwa nini hamkwenda kwa madaktari mwezi wa tatu. Akaniuliza, "Madaktari gani?"

Kwa hiyo hukumsomea.

Nilimwambia twende kesho yake, Jumapili, mpaka hospitali. Akakataa, akasema hawezi kutoka nyumbani kwenda kutibiwa bila wewe kumwambia. Na mimi Jumatatu nilikuwa na wageni wa wizara. Mpeleke wewe. Nimetuma nauli na ya matibabu. Ukishampeleka nijulishe. Ya kupima kwako kwingine usinieleze.

Frida


Daudi, Mbulu
7 Julai 2024

Mwanangu Frida,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Nimeipokea hivyo hivyo.

Tulikwenda. Daktari alimwangalia kwa saa nzima. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na sehemu ya katikati, kama upana wa sahani ukitazama ukuta wa mbele, nayo ina ukungu. Amempa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Hairudishi kitu, inazuia tu, na daktari hakuahidi itazuia mpaka lini.

Aliniuliza dalili zimeanza lini. Nikamwambia Februari, labda kabla. Akaniuliza, "Na kuanzia Februari mlikuwa mnafanya nini, mzee?" Unanijua. Sijawahi kuulizwa swali nikakosa pa kuanzia. Nilimwambia tulikuwa tunachagua televisheni. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, wala hakuniuliza tena.

Kuhusu barua yako ya Machi. Nilimsomea ya alizeti na ya ndama. Ya madaktari nikairuka. Kwa wiki kadhaa nilijiambia kwamba sikutaka kumtisha. Nimekaa na jambo hili mpaka nimeona kwamba si kweli. Nilikuwa nimeshamweleza mama yako kwa urefu kwamba shida ni kioo. Sikutaka kusahihishwa na mwanangu, na msomaji wa masahihisho hayo awe mimi mwenyewe.

Naomba unijibu, hata kama ni kwa maneno machache. Hata makali.

Baba yako


Daudi, Mbulu
25 Agosti 2024

Mwanangu Frida,

Natumaini u mzima. Alfredi ananiapia kwamba barua yangu alikupa mkononi. Simu nikikupigia inaita mpaka inakatika. Jumapili sita sasa.

Matone namtia mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ndama ameachishwa kunyonya. Vicent nilimuuliza kama anaweza kuichukua tena televisheni. Anasema kilichotoka dukani kimetoka.

Sina maelezo mengine.

Baba yako


Daudi
15 Septemba 2024

Frida,

Hujambo. Mimi ni mama yako. Mkono ni wa baba yako, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee kitu, na akimaliza Gaudensia atanisomea nijue kama ametii. Gaudensia amekaa hapa anatusikiliza. Baba yako hapendi, lakini anaandika.

Jana nilimwambia alete barua zote, zako na nakala za zake, maana huwa anaweka nakala. Alinisomea kuanzia ya kwanza. Ilichukua tangu chai ya asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi. Alipofika kwenye ile ya Machi aliishusha magotini, nikamwambia endelea. Akaendelea.

Kwa hiyo sasa najua. Miezi minane watu wawili waliosoma wameandikiana habari za macho yangu, na hakuna aliyeniuliza kwa namna ambayo ningeweza kujibu. Baba yako alinipa boksi nisome. Nilimdanganya, hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe. Na wewe ukaja ukanipa boksi lilelile upande wa pili. Ulipomaliza kunijaribu ulikuwa umeshinda, nilikusikia kwenye pumzi yako. Ukala, ukaaga, ukamwandikia yeye. Hukuniandikia mimi.

Baba yako amekosa. Nimemwambia hivyo na ameandika hapo juu, umeona. Nimekaa naye miaka arobaini na moja, kwa hiyo adhabu yake niachie mimi, ninajua pa kumgusa. Wewe umeamua kutopokea simu yake. Frida, nyumba hii ina simu moja. Jumapili anapopiga, mimi ninakuwa nimekaa pembeni nasubiri nipewe. Ukimnyima yeye unaninyima mimi, na mimi nimekunyima nini?

Ameinua kalamu hapa. Nimemwambia aishushe.

Televisheni ipo. Majirani wanakuja kutazama mpira, wananieleza nani amefunga. Sitaki iuzwe wala isemwe tena.

Jicho la kulia nikilielekeza mbele, sawasawa kabisa, bado naona uso mmoja mzima. Wa pembeni yake simwoni. Wiki iliyopita sahani ile aliyoisema daktari imepungua; nimeipima kwa mkono wangu mwenyewe ukutani, na sikumwambia mtu mpaka sasa. Baba yako amelijua hili akiwa anaandika.

Usije Krismasi. Njoo wiki hii. Wageni wa wizara wana macho yao, watakusubiri. Ukija usianze na baba yako, wala usianze na maneno. Njoo ukae mbele yangu, karibu, mchana, uso ukielekea dirishani, na usisogee mpaka nikwambie inatosha.

Baba yako anaomba aongeze mstari mmoja wa kwake. Nimekataa.

Mama yako