Nilimchumia Mama Mkwe Machungwa

Mpendwa Mama Twaibah, naomba msaada wako kabla sijapanda gari kwenda kugombana na wazee wa watu, maana kwa hasira niliyo nayo hata chakula hakipiti. Mimi ni askari magereza, Msoga, naishi Mpumudde hapa Jinja, na mke wangu Namono ni Mgisu wa Mbale, na kama unavyojua kwetu na kwao mila ni moja, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso, hawapeani mkono, hawali pamoja, na miaka saba nimeishika mila hiyo bila kuteleza, hata siku ya utambulisho mama alikaa chumba cha ndani, nami nikapiga magoti nje nikausalimia mlango.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwenye shamba moja la matunda nje ya Mbale ambako wageni huchuma wenyewe, Namono na watoto wakakimbilia pasheni, mimi nikabaki kwenye michungwa, na hapo nikamkuta mama mmoja aliyekuja na wenzake wa kanisa kutoka Namatala, mfupi, anayarukia matawi na hayafikii, basi kwa kuwa mimi ni mrefu nikamwonea huruma, nikamwinamishia matawi asubuhi nzima, yeye Lusoga hajui na mimi Lugisu sijui, tukawa tunasema Kiswahili, naye ananiita afande kwa ajili ya buti zangu. Tulipochoka tukaketi, nikamenya chungwa kwa kisu changu, nusu yake nusu yangu, akaanza kunipa habari za nyumbani kwake.

"Afande, mimi iko na mkwe moja, uso yake sijaona, lakini roho yake najua," akasema. "Mtoto yangu miaka tatu hajakuja nyumbani. Nyanya yake tumezika bila yeye. Anasema bwana amekataa."

Nami kwa ujinga wangu nikamjibu, "Mama, huyo si mtu. Mtu kama huyo sisi tunafungia ndani."

Akacheka mpaka akafuta machozi, na ndipo Namono akatokea na ndoo ya pasheni, akatuona na vipande vya chungwa mkononi, ndoo ikamponyoka, akasema neno moja tu, "Mama."

Yule mama akajifunika leso uso mzima akakimbia akiacha viatu, na jioni hiyo hiyo wajomba wa Namono wakamchukua yeye na watoto, wakasema nimewavunjia heshima, nilete mbuzi na gomesi, lile vazi la heshima, ya mama ndipo mke arudi. Sasa niambie, kosa langu ni lipi? Mtu niliyekatazwa kumtazama nitamjuaje? Ni kweli nilimkatalia Namono kwenda mazishini, lakini nilikuwa na zamu, nani angenipikia? Na mama mzima anamtangazaje mkwe wake kwa mtu asiyemjua? Mimi ndiye niliyedhulumiwa. Mbuzi sileti. Nishauri namna ya kumrudisha mke wangu.

Kirunda, Mpumudde

Kirunda, pole kwa aibu hiyo, kwa sababu pale kwenye michungwa hukukosa. Mila iliyokufichia uso wa mama ndiyo iliyokuketisha naye, na wajomba wanalijua hilo. Lakini mbuzi si adhabu yako. Ni kwa ajili ya mama yule, apite tena mbele za watu bila kunong'onwa. Mtume mzee wa ukoo wenu ampeleke mbuzi huyo pamoja na gomesi, wiki hii, na wewe usionekane.

Sasa tuje kwenye hasira. Umeniandikia barua ndefu juu ya mila, na nusu sentensi juu ya bibi aliyezikwa bila mjukuu wake, tena nusu hiyo umeijaza sufuria. Mwanamume mwenye buti na funguo za jela, ugali wa posho unakushinda kusonga? Halafu ulimfikisha mkeo Mbale, hatua chache kutoka kwao, achume pasheni, na mlangoni kwa mama yake hukumpitisha. Huoni haya?

Mama hakukutangaza. Alikuwa na uchungu, akampata mtu mwema aliyemwinamishia matawi, akamweleza. Yule mtu mwema akatoa hukumu, na ilikuwa ya haki. Kesi uliiamua mwenyewe bila kumjua mshtakiwa, na sasa unakata rufaa kwangu. Rufaa imekataliwa. Huruma uliyompa mgeni asubuhi nzima unayo, basi uanze kuipeleka na nyumbani.

Mbuzi akishapokelewa, utatamani kupiga simu uulize Namono anarudi lini. Usipige. Wenzake walikwisha kumlilia bibi yao siku nyingi, yeye ndiyo kwanza amefika kaburini. Mwache amalize.

Mama Twaibah