Malkia wa Risasi

Mau Narok, kwa njia ya Njoro
Agosti, 1958

Kwa shemeji yangu mpendwa Wachuka,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana wetu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na mama, na kwamba mvua ya Nyeri haijaozesha maharagwe yenu kama ilivyolaza ngano ya huku. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limekuwa na kiburi na halitaki kupigwa kanisani. Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Kila nilipoishika kalamu niliiweka chini tena.

Uliniomba kitu kimoja tu: yule malkia mdogo. Uliandika kwamba mama ameanza kuusahau uso wa Nyakio, na kwa kuwa dada yako hakupigwa picha hata siku moja, sanamu ile ndiyo uso wake pekee uliobaki duniani. Nitakueleza ilipo. Ila nakuomba unistahimilie nifuate utaratibu, maana nisipoufuata nitaandika maneno yasiyompasa mzee wa kanisa.

Marehemu Bwana Merrick, niliyekuwa karani wake, alilima ngano kwa mkono wa kushoto na kuandika hadithi kwa mkono wa kulia. Vitabu vyake vilikuwa vya nchi zisizokuwepo, zenye wafalme wenye pembe na mazimwi ya theluji. Majeshi ya nchi hizo alikuwa nayo mezani: watu wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole, aliowapaka rangi mwenyewe kwa brashi nyembamba kama unyusi. Siku moja alimwomba Nyakio, aliyekuwa amemletea chai, asimame karibu na dirisha. Akampa malkia wa milimani uso wake, pamoja na lile kovu juu ya jicho na kidevu chenu cha ubishi. Nyakio alicheka sana. Alisema amefanywa mdogo vile ili asimalize ugali wa watu.

Kila Jumapili jirani yetu, Bwana Lathbury, alikuja kupigana vita vya mezani na Bwana Merrick. Walirusha dadu na kuwaangusha watu wale mpaka jua kutua, na Lathbury alishindwa karibu kila mara. Huyu ndiye Lathbury aliyekuja na lori wakati wa Hali ya Hatari, kuwakusanya Wakikuyu wa mashamba haya. Nilimwonyesha cheti chetu cha ndoa kutoka misheni. Nilimsihi kwa heshima, nikamweleza kwamba mke wangu ametoka kuugua kifua. Hakukitazama cheti, wala hakumtazama Nyakio. Alinijibu kwamba haoni mke wa mtu hapo, anaona Mkikuyu mmoja, na lori halijajaa. Bwana Merrick alikuwa Nairobi. Kule kambini Nakuru walilala kwenye matope. Mengine unayajua kuliko mimi, kwa kuwa ni wewe uliyemfumba macho.

Bwana Merrick alipofariki, ndugu zake waliuza samani, na yale majeshi yakaachwa nyuma ya nyumba kama takataka. Watoto wa kambi ya wafanyakazi waliyagawana. Hapo ndipo nilipoanza kuyakusanya. Nilimtafuta malkia kwanza, lakini kila aliyenipitia mkononi nilishindwa kumwacha matopeni. Nililipa kwa penseli na kwa sukari guru. Cheptoo, yule bibi mwenye ulimi anayeuza maziwa, aliniuliza mbele ya watu kama uzee umenirudisha utotoni, na kama atafute mwanamke wa kuninyonyesha. Wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini ni yeye aliyekuja mlangoni kwangu baadaye na malkia amefungwa kwenye kitambaa. Mjukuu wake alikuwa amemfanya mwanasesere. Alisema alimtambua Nyakio, na kwamba kidevu kile kiliwahi kumkatalia maziwa yaliyotiwa maji.

Mwaka huu Lathbury akaja. Alivua kofia, akaniita mzee, akaketi kwenye kigoda changu na kunywa chai yangu. Alinieleza kwamba anarudi Uingereza moja kwa moja. Kule wapenzi wa vitabu vya Merrick wameunda chama, na ameshawaahidi majeshi yote, yakiwa na rangi ya mkono wa mwandishi mwenyewe, na kwanza kabisa malkia, ambaye bila yeye hawataki chochote. Shamba limemshinda, mkewe amemwacha, na hao ndio watu pekee duniani wanaomngoja. Aliniambia hivyo kama mtu anayemwambia rafiki.

Nikamletea sanduku. Alimshika malkia kwenye mwanga, akamgeuzageuza, kisha akaniuliza kama Merrick aliwahi kusema uso mzuri namna hii aliutoa wapi.

Wachuka, nilimjibu kwamba sijui, Bwana.

Nikamwambia achukue vyote, zawadi kutoka kwangu, ila anipe mpaka Jumamosi, kwa sababu kwetu Wakipsigis kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa mgeni kabla ya kuoshwa. Desturi hiyo kila mzungu wa huku anaijua. Hata jembe la kuazima hurudi kwao likiwa safi. Aliyatazama matope ya watoto, akacheka, akaniambia nioshe nipendavyo.

Nilichemsha magadi kwenye sufuria kubwa ya kanisa. Niliwatia humo kikosi baada ya kikosi, kisha nikawasugua kwa ufito tunaosugulia vibuyu vya maziwa. Rangi ilitoka kama utando wa uji. Jumamosi nilimkabidhi Lathbury sanduku, limefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Alipolifungua aliwaona watu wa risasi tupu, waking'aa kama dagaa, hawana macho wala midomo. Aliniuliza kwa kile Kiswahili chao, “Rangi nakwenda wapi? Mzee, rangi wapi?” Nilimjibu kwa adabu kwamba sanamu zimetakata, Bwana. Alitaka kunigombeza, akakumbuka aliyoniambia mwenyewe, akalifunika sanduku. Dereva wake, Kiplangat, aliniambia kwamba njia nzima mpaka Njoro Lathbury alilia, huku akisema mzee hana kosa, mzee hakujua.

Basi sasa niyaseme. Malkia alikuwa ndani ya sanduku lile, naye nilimwosha. Nilimwosha wa kwanza kabla ya wote, magadi yakiwa makali bado. Ningeweza kumficha nikuletee, nawe ungekuwa na haki yako. Lakini Lathbury asingechukua sanduku bila yeye, na kama angemkosa yeye peke yake angejua kwamba nilikusudia, na kujua kungempa mtu wa kumchukia. Nilitaka abaki akiilaumu mikono yake mwenyewe. Tena nilitaka amshike Nyakio kwa mara nyingine, amtazame kwa bidii, na asione mtu.

Uso wa dada yako nimeufuta kwa mkono huu unaokuandikia. Mchungaji amehubiri juu ya kusamehe, huku akinitazama, na nimemwambia kwamba kwa sasa sitakaribia Meza ya Bwana, maana siwezi kusema uongo mbele ya mkate. Kwa Lathbury sijutii. Kwenu ndiko nilikokosa, kwako na kwa mama, wala sina cha kuwalipa. Mweleze mama ukweli wote. Akinilaani, laana hiyo ni haki yake, nitaipokea nikiwa nimesimama. Lakini akikuuliza kama ningerudia, usimfiche: ningerudia kesho.

Nisalimie watoto, majirani, na wote waliomzika Nyakio nikiwa mbali. Mungu awalinde katika baridi hii.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kukuheshimu,
Zedekia arap Langat