Majina ya Watoto wa Mgongoni

Kwako Mwalimu Rebeka,

Paa halivuji tena. Nimeanza na hilo kwa sababu miaka yote ulihamisha madawati kila mvua ilipokuja, na sitaki useme huko uliko kwamba Perusi wako amekuja na lawama tu. Mabati ni mapya, ya serikali. Tangu yapigiliwe, baada ya sisi kukuzika Machakos, hakuna mtoto aliyenyeshewa darasani.

Hayo ndiyo mazuri. Yameisha.

Tuna mwalimu mkuu wa kutumwa. Jina lake siandiki, nisije nikapoteza wino. Ana jozi mbili za viatu, moja ya kuvukia matope ya Kariobangi na nyingine ya kuvaa akifika ofisini, na ofisi yenyewe ni kile chumba ulichotandika mikeka ya watoto wachanga. Mikeka ameitupa. Siku ya kwanza aliniuliza nimesomea ualimu chuo gani. Nikamwambia nimesomea kwako. Akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake, na tangu hapo ananiita "yule msaidizi".

Najua utauliza waliingiaje. Waliingia mlangoni, Mwalimu, na sisi ndio tuliofungua. Wewe uliukataa msaada wao mara mbili. Nakumbuka ulivyosema ukifuta ubao, bila hata kugeuka: "Wakileta mabati watataka na ufunguo." Lakini hukumaliza mwezi kaburini Mzee Wafula, mwenyekiti wetu, akaita mkutano wa wazazi. Wafula yule yule aliyelia mazishini mpaka akashikwa mkono. Alisimama na tai yake akasema serikali haitaki kitu kwetu, inataka kutusaidia tu, na shule itabaki yetu kama ilivyokuwa. Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuahidiwa kiti.

Nilitaka kumjibu. Mama Atieno akanitangulia, na hakuwa upande wangu.

"Mwalimu Perusi, mwanangu anakohoa tangu mvua zianze. Huo uhuru wenu unatibu kifua?"

Kura ya kuwapokea ilipoitwa, nilinyoosha mkono pamoja na wengine. Mama Atieno simlaumu, alitaka mtoto wake apone. Lakini mimi nilijua ulichosema, na bado nikanyoosha. Nakuandikia mwenyewe ili usilisikie kwa mwingine.

Mambo yaliharibikia kwenye rejista ya alasiri. Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa yaya wa watu, nina miaka kumi na sita, nikasimama mlangoni kwako na mtoto wa mwajiri wangu mgongoni. Alasiri ndiyo saa pekee niliyokuwa nayo, mama mwenye nyumba yuko kazini, vyombo vimeoshwa. Nilidhani utanifukuza. Ulimpokea mtoto ukampakata, ukanipa kipande cha chaki. Kisha ukaniuliza jina langu, ukaniuliza na lake, ukayaandika yote mawili. Ikawa desturi yetu. Kila yaya aliyeingia, na wa mgongoni aliandikwa. Ulipoita jina la mtoto, yaya alimjibia "yupo", darasa zima likageuka kumtazama, naye akacheka mate yakimchuruzika. Ulisema na wao wanasikia. Hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Mpaka alipokuja mkaguzi. Aliketi kwenye kiti chako akapitisha kidole juu ya majina kama mtu anayetafuta chawa. Sasa serikali inaleta vitabu na walimu kwa kuangalia wanafunzi ni wangapi, kwa hiyo machoni pake kila jina ni mkono unaoomba.

"Huyu Baraka yuko darasa la ngapi?"

"La alasiri, bwana."

"Ana umri gani?"

"Miezi saba."

Hakucheka. Ningemsamehe kama angecheka. Aliuliza wa pili, akauliza wa tatu, kisha akafunga rejista akasema tumebuni wanafunzi ili tule mali ya umma. Wewe, Mwalimu. Wewe uliyekuwa ukivunja chaki mara tatu ili itufae sote, umeitwa mwizi na mtu aliyeshindwa kutofautisha rejista na hati ya kuombea vitu. Na Mzee Wafula alikuwa amesimama pale pale. Unajua alisema nini? Alisema hayo yalikuwa makosa ya marehemu. Kisha akamwuliza mkaguzi kama atakunywa soda baridi au ya moto.

Basi darasa la alasiri likafungwa. Halimo kwenye mpango wao. Mayaya na wabeba mizigo wa sokoni wamepita umri, waende kusoma ngumbaru na watu wazima. Nilimweleza mwalimu mkuu kwamba ngumbaru ya mtaa huu huanza jioni, saa ambayo yaya yuko jikoni anawapikia wengine. Akasema hilo si jambo la wizara. Hakusema kwa ubaya, alisema kama anayesoma tangazo ukutani. Hawa watu wamehesabu madawati yetu mara nne, na hawajauliza hata mara moja ni nani anayeyakalia.

Halafu akanipa daftari jipya. Ninakili rejista yote upya, niwaache wote wa alasiri, nitie sahihi kwamba ndiyo iliyokuwapo tangu mwanzo. Nikifanya hivyo jina langu litapelekwa mjini niajiriwe, ingawa sina chuo. Nisipofanya, nitafute kazi nyingine. Alinipa mpaka Ijumaa.

Sitakudanganya, niliitamani ajira hiyo. Nilikaa na kalamu mezani. Nikaandika darasa la kwanza, la pili, la tatu, mwandiko ukiwa mzuri kweli, ungeusifu. Nikafika kwenye alasiri. Jina la kwanza lilikuwa langu.

Nilichana kurasa nilizoandika. Ijumaa nikamrudishia daftari jeupe. Akaniuliza kama sijui kuandika. Nikamwambia najua, na ndiyo maana. Rejista yako nilikuwa nimeshaitoa ofisini, nimeificha chini ya leso yangu.

Sasa darasa la alasiri liko kwenye kibanda cha Mulwa, yule mchonga vinyago wa kwenu. Watoto tunawalaza juu ya maranda ya mbao, wananuka mti mpaka nyumbani. Mkate nauchuma kwa kufua nguo asubuhi. Wa kwanza walikuja watatu. Sasa hatutoshi, wengine wanaandikia magotini.

Juzi kaja yaya mgeni, Nekesa, na mtoto mnene mwenye kofia ya sufu. Nikamwuliza jina lake, nikamwuliza la mtoto. Akasitasita, akaninong'oneza nisimwambie mtu. Ni mjukuu wa Mzee Wafula.

Nimemwandika, Mwalimu. Chini ya Nekesa, kwa wino, kwa mwandiko ule ule. Nilipomwita, Nekesa alimjibia kwa sauti ndogo, na darasa likageuka kumtazama. Akacheka kama wote.

Pumzika sasa. Nakuahidi kwamba maadamu nina mkono wa kuandika, hakuna ofisi itakayonitajia nani wa kuita. Kesho alasiri nitawaita tena, mmoja mmoja, na yeye pia.

Mwanafunzi wako,
Perusi