Neno Nililomwandikia Mjomba

3 Machi

Dada mpendwa,

Kabla ya salamu, nakusihi: barua hii usimsomee mtu, na ukimaliza itie motoni. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Mjomba anakuja kwako. Ameachishwa kazi baada ya miaka ishirini na miwili ya kutunza stoo. Aliyemponza ni mimi.

Kila mwaka meneja hunieleza kwa Kiswahili sifa na kasoro za kila mfanyakazi, nami, kwa kuwa nimesoma, hujaza kwa mkono fomu ya makao makuu: neno moja la Kiingereza kwa kila mtu. Desturi yetu ni kuwaandikia wote "Excellent", hata mfagizi anayelala koridoni. Kuhusu Mjomba meneja alisema, "Yule mzee hodari, hajapoteza hata skrubu." Lakini ofisi nzima inajua ndiye aliyeniombea kazi. Niliogopa kuambiwa nambeba. Nikaandika "Fair", yaani si mbaya, lakini si wa kusifiwa. Meneja akatia sahihi bila kusoma. Kisha makao makuu yakaagiza: wote wa "Fair" kwenda chini waondolewe. Alikuwa peke yake.

Mwisho wa rufaa ni tarehe 31. Lazima niandike kwamba neno lile ni langu, si la meneja. Watanifukuza. Nifanyeje?

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Sisi hatujambo, ila goti langu tu. Barua nimeichoma.

Mjomba kafika na sanduku lake na nakala ya ile fomu. Amepanga upya kabati langu la jikoni, kila kopo na kibandiko chake. Nikitaka chumvi ananiambia, "Saini kwanza, mama." Tunacheka. Kisha anakaa mlangoni na kuitazama fomu. Jirani kamchokoza: "Mpwa wako msomi si yuko hukohuko? Mbona hakukutetea?" Akamkatiza, "Mwache kijana! Aliyeandika hivi ni mtu asiyenijua."

Nilikwenda kulia jikoni. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nenda kwa meneja, siku zingalipo.

Dada yako

2 Mei

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Goti limepoa? Mara tatu nilifika mlangoni kwa meneja, barua mfukoni. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alinipiga bega: "Kijana, kazi yako safi." Nikashindwa. Mara ya tatu ilikuwa tarehe mosi Aprili.

Tafadhali, Mjomba asijue.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Mjomba anajua, wala si mimi niliyemwambia. Jana nilimkuta na fomu, nikasema labda aliyeijaza ni karani mgeni. Akaweka kidole juu ya ile F. "Mkia huu nilimfundisha mimi, kwa chaki, sakafuni pa stoo, hajatimiza miaka sita. Nilimjua siku ileile niliyopewa karatasi."

Nikamwuliza mbona hakusema. "Nilikuwa namsubiri aniambie mwenyewe."

Tangu jana hapangi kitu. Nimeweka chumvi penye sukari makusudi. Hakuona.

Dada yako

20 Mei

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hujambo. Barua hii waweza kumsomea yeyote.

Ni mimi niliyeandika lile neno, na nilikuwa nakujua. Juzi nilimwambia meneja mbele ya wote. Akasema muda wa rufaa umeshapita, nami nikusanye vitu vyangu. Nimechelewa kwako pia, najua.

Ofisini usinitafute. Nimepanga chumba cha nyuma kwa fundi cherehani, mkabala na bomba la maji, mlango wa bati. Ukija, usibishe hodi, sifungi. Ukitaka kupiga simu, namba ya fundi nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwambie unamtaka karani, ataniita. Cherehani zina kelele, huenda asiisikie haraka. Mjomba, tafadhali, usikate mapema.

Mpwa wako