Matanga ya Afisa wa Nyumbu

Baba Neema,

Hamjambo huko? Baridi ya Sydney inaingia hadi kwenye meno, ila nakula vizuri.

Jumamosi Neema alituambia kwamba bibi mmoja anayemtunza kazini analia, maana siku hiyo ndiyo aliyofariki babu yake, afisa wa jeshi la Marekani. Sisi akina mama wa kanisani hapa Doonside hatukuuliza zaidi. Mama Furaha, jirani yetu Mkongo, alipika sombe, kisamvu chao, mimi nikapika pilau, tukaenda kumpa pole.

Mama Furaha akauliza mazishi ni lini. Neema akatafsiri. Bibi akajibu kwamba yalifanyika yeye akiwa na miaka saba. Sasa ana tisini.

Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, basi tukakaa. Akatueleza utumishi wote wa marehemu: Ufilipino, mpaka wa Meksiko, vita kule Ufaransa. Miaka thelathini jeshini, na alichosimamia hasa ni nyumbu wa kubeba mizigo, wale chotara wa punda na farasi. Nilisikiliza saa mbili nzima, hata chozi nikafuta.

Nikakukumbuka wewe. Stori zako za jeshini zikianza, mimi hukumbuka sufuria jikoni. Nikirudi, anza mwanzo kabisa. Jiko nitalizima kwanza.

Wako,
Mama Neema