Mbuzi Aitwaye Mosalas

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Bibi yako aliacha kukohoa? Mimi mzima, ila mgongo si wangu tena. Bado napandisha mifuko ya saruji ghorofani.

Anayekata vigae ameondoka, na kazi yake hufanywa umekaa. Msimamizi wetu ni Mwajemi. Hubandika vigae juu ya jukwaa na kuitisha umbo kwa Kiajemi, hashuki kukuonyesha. Baada ya wiki mbili atanijaribu. Mraba wanauita morabba, rahisi. Duara ni dayere. Pembetatu ni mosalas, na hilo halikai kichwani. Nikilala linatoroka. Wewe uko darasani, nisaidie.

Baba yako mchovu


Tarehe 11 Machi

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo. Bibi kapona, anagomba kama kawaida.

Mwalimu anasema neno lipewe sura. Basi yule mwanambuzi mwenye uso mwembamba chini, mpana juu, nimemwita Mosalas. Jana kaingia kwenye unga wa jirani. Bibi kamkimbiza mtaa mzima akipiga kelele, "Mosalas! Mosalas, mwana laana wee!" Jirani kauliza, "Mama, hayo matusi ya wapi?"

Baba, ukisikia neno, mwone huyo mbuzi.

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Nimefurahi bibi anagomba. Ndiyo afya yake. Mimi nina nafuu.

Umeniponza! Morabba nilikata, dayere nikakata. Msimamizi akapaza sauti, "Mosalas!" Nikamwona bibi yako anakimbia na kanga mkononi. Kicheko kikanitoka, mikono ikiendelea na kazi.

"Wewe! Unacheka nini?"

Kiajemi sina, nikaonyesha kwa vidole: pembe, ndevu. Nikalia mee! Wenzangu wakashika mbavu. Yeye akashuka jukwaani, uso umefungwa. Nikasema basi, kazi imeota mbawa.

Akaokota kigae nilichokata, akapitisha kidole ukingoni, pembe zote tatu. Akanisogezea kiti kwa mguu. "Kaa."

Nimekaa, mwanangu.

Alasiri akauliza kwa ishara, kwenu mnaitaje? Nikamwambia pembetatu. Akasema "pemtatu". Nikakishika kigae, sikumpa.

"Tena," nikamwambia.

Baba yako