Jalada la Toleo la Sita

Rochelle, wameniharibia katuni yangu!

Unamkumbuka Kunguru, jambazi wangu wa barakoa, anayekufa katika toleo la pili yeye na genge lake wakivunja hazina ya mashujaa? Siri yote, inayofichuka mwishoni mwa toleo la sita, ni kwamba hakufa.

Leo katalogi ambayo wenye maduka huagizia matoleo yajayo imetoka. Toleo la kwanza bado halijauzwa, lakini jalada la sita limo, na Kunguru, barakoa usoni, amekalia dhahabu anacheka. Anacheka, Rochelle!

Nikampigia Dwight, mhariri.

"Tulia, mrembo. Jalada zuri linauza."

"Linauza siri ya mwisho wa hadithi yangu!"

"Maduka lazima yaagize mapema."

Mrembo! Sawa. Toleo la sita halijachorwa ndani. Naliandika upya sasa hivi: chini ya barakoa ile kuna mwizi mwingine, aliyemuua Kunguru. Kurasa za mwisho nitampelekea mchapaji moja kwa moja; Dwight naye atausoma mwisho dukani, kama wasomaji wengine.